Kinga Inayoisha

Chini ya Ziwa Huron, upande wa Kanada, kuna mgodi wa chumvi wenye kina cha mita zipatazo 550. Uko Goderich, mkoani Ontario, na hakuna mgodi wa chumvi wa chini ya ardhi unaoupita kwa ukubwa duniani. Kinachochimbwa humo ni mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Migodi ya namna hiyo ipo pia chini ya jiji la Detroit, na chini ya Ziwa Erie pale Cleveland. Majira ya baridi yanapokaribia, chumvi hiyo husafirishwa kwa meli na malori, ikarundikwa kwenye maghala yaliyo kando ya barabara kuu, ikingoja theluji ya kwanza. Marekani peke yake humwaga barabarani takriban tani milioni 20 kwa mwaka.

Mtu aliyekulia Tanga au Lamu hahitaji kufundishwa kwamba chumvi hula chuma. Ameona nondo za madirisha zikimomonyoka, bawaba zikigoma, mabati yakibadilika rangi kabla ya umri wake. Ila kwa mtu wa pwani chumvi huja na upepo wa bahari, na hakuna aliyeialika. Majimbo ya Marekani ya Ohio na Michigan yako mbali na bahari. Chumvi ya huko hununuliwa kwa kodi za wananchi, hunyunyizwa kwa amri ya serikali, na wananchi haohao hupiga simu kulalamika inapochelewa. Wanaitaka, huku wakijua fika kwamba itayala magari yao.

Wana sababu. Barafu nyembamba juu ya lami haionekani, na gari likishaikanyaga halisikii usukani wala breki. Jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu chumvi barabarani mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika majira ya baridi ya 1941–42 likawa jimbo la kwanza kuifanya utaratibu wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, barabara kuu zilipoenea na watu wakahamia vitongoji vya mbali na kazi zao, ikawa ni desturi kwamba lami lazima ionekane nyeusi saa chache baada ya theluji kuanguka. Anayeilaani chumvi kwa ajili ya pikapu yake aikumbuke pia familia iliyofika nyumbani salama usiku wa Januari. Gharama ya kufika kwao ilibebwa na chuma, na chuma hulipa polepole.

Namna kinavyolipa inafaa kueleweka, kwa sababu ushauri mwingi mbaya hutokana na kutoielewa. Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, nyingine jirani yake huzipitisha kwa oksijeni, na maji yaliyo juu yake hukamilisha mzunguko. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida; yakitiwa chumvi, mzunguko unakwenda mbio. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hufanya zaidi ya hapo: huvunja utando mwembamba ambao ungekisitiri chuma. Alumini nayo hushika kutu yake, lakini ile hugandamana na kuziba, ikawa ngao. Kutu ya chuma ina vitundutundu. Hunyonya maji, huficha chumvi ndani yake, na kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba, hubanduka magamba na kukiacha chuma kipya wazi. Ndipo kazi inaanza upya.

Baridi kali huipunguza kasi kazi hiyo. Chumvi ya kawaida yenyewe huanza kuchoka nyuzi joto zikishuka kama 9 chini ya sifuri, na haifui dafu kabisa zikipita 21 chini ya sifuri. Ndiyo maana siku hizi huchanganywa au kubadilishwa na kloridi ya kalisi na ya magnesi, ambazo huyeyusha barafu kwenye baridi zaidi na zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Barabara ikikauka, chumvi za aina hiyo zilizojibana kwenye kona za chuma huweza kubaki mbichi. Siku mbaya kwa gari, basi, ni zile ambazo mwenye gari huzifurahia, theluji inapoyeyuka na jua kurudi. Hata gereji yenye joto, ambayo mtu huijenga kwa kulionea gari lake huruma, huweza kulidhuru. Gari linaingia limebeba theluji yenye chumvi kwenye kila upenyo, theluji inayeyuka usiku, na joto linaikoleza kazi ambayo baridi ya nje ingeipunguza kasi.

Katika gari zima, chasisi ndiyo iliyo hatarini zaidi na ndiyo inayotazamwa kwa nadra zaidi. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana chasisi iliyojitenga na bodi. Pikapu bado inayo: mihimili miwili mirefu ya chuma, iliyounganishwa kwa mihimili ya kukingama, na juu yake hukaa injini, kabini, sanduku la mizigo na kila kilichopakiwa. Kuanzia toleo la mwaka 2015, Ford waliijenga bodi ya F-150 kwa alumini, lakini chasisi ilibaki chuma. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha pikapu ambayo kila anachokiona hakiliwi na kutu, huku kinachombeba yeye na mzigo wake kikiliwa.

Mhimili mara nyingi huwa ni sanduku refu lenye uwazi ndani. Uwazi huo huupa nguvu bila kuuongezea uzito mwingi, na ndio mwanzo wa shida. Maji ya chumvi huingia kupitia matundu, yakibeba mchanga na tope. Tope hutulia sakafuni mwa sanduku, hukaa na unyevu wiki kwa wiki, na chuma huanza kuoza kutoka ndani. Rangi ya nje inapovimba, ndani mambo yamekwisha kuharibika zamani. Fundi yeyote wa kule kwenye chumvi atakuonyesha sehemu zilezile: panaposhikiliwa springi za nyuma, juu ya tangi la mafuta, karibu na tairi la akiba, kwenye viungio ambako bamba mbili za chuma zimelaliana, na kwenye vipaipu vya breki vinavyopita ubavuni mwa mhimili.

Kuikagua chasisi nilifundishwa hapa Columbus, Ohio, na fundi mmoja mzaliwa wa Tanga, mtu anayeongea kidogo akiwa kazini. Gari lilikuwa juu ya stendi. Alinipa nyundo ndogo akaniambia, "Gonga, kaka, halafu nyamaza." Niligonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele, chini ya injini, ambako mafuta yanayovuja yenyewe huwa yamekilinda chuma bila mtu kukusudia, mlio ulikuwa mkali na wazi. Nilipofika karibu na springi za nyuma mlio ukafa ghafla, ikawa kama nagonga kadibodi iliyolowa, na magamba ya rangi ya kahawia yakanimwagikia usoni. Rangi nyeusi ya nje ilikuwa bado imeshika. Kwa macho nisingegundua kitu.

Kipimo hicho cha nyundo kimewahi kuwa na uzito wa mabilioni ya dola. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa na wamiliki nchini Marekani, waliodai kwamba chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia za miaka fulani hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Makubaliano yaligusa magari yapatayo milioni 1.5, na thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kampuni haikukiri kosa, lakini iliahidi kukagua, na pale ambapo kutu imetoboa tundu la milimita 10 au zaidi, kubadilisha chasisi nzima. Hebu fikiria maana ya kubadilisha chasisi: gari linavuliwa kila kitu, kabini na injini vinainuliwa, mifupa mipya inawekwa chini, kisha vyote vinarudishwa. Yote hayo yalitokea kwa sababu ya utando wa kinga wenye unene usiozidi ule wa ukucha.

Hapo ndipo swali la ulinzi linapoanza. Anayenunua pikapu mpya katika majimbo ya baridi hupewa ofa ya kupakwa dawa nyeusi nzito chini ya gari, mchanganyiko wa lami au mpira, kwa ahadi kwamba itadumu maisha ya gari. Inavutia. Inaonekana nene, inapunguza kelele za kokoto, na mtu hulipa mara moja akasahau. Tatizo ni kwamba dawa ya aina hiyo ikishakauka hukakamaa, na chuma hakikomi kujipinda na kutanuka. Siku moja itapata ufa mwembamba ambao jicho haliuoni. Maji ya chumvi yakiingia humo, hayatoki tena. Yanakaa kati ya chuma na dawa, yamefunikwa, yamehifadhiwa, na kutu inasambaa chini kwa chini huku juu pakiwa peusi na laini. Wahenga walikwisha kumwonya mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua.

Kuna pia vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa madai kwamba vikiunganishwa na betri vitaizuia kutu gari zima. Kanuni vinayoiazima ni ya kweli. Meli iliyo majini na bomba lililofukiwa ardhini hulindwa kwa umeme, kwa sababu maji ya bahari au udongo wenye unyevu huubeba umeme huo hadi kila pembe ya chuma. Gari limezungukwa na hewa, nayo haiubebi. Hapa tena kinachouzwa ni ruhusa ya kusahau.

Upande wa pili kuna mafuta. Mafundi wengi wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani hupulizia chini ya gari mafuta mepesi, au lanolini, ile nta inayotoka kwenye sufu ya kondoo. Mwezi unaofaa ni Septemba au Oktoba, chuma kikiwa kikavu na chumvi haijamwagwa. Mrija mrefu wenye ncha inayotoa ukungu pande zote huingizwa kwenye tundu la mhimili, ukasukumwa hadi mwisho, kisha ukavutwa polepole huku unapulizia. Mafuta hupenya kwenye viungio yenyewe, na baada ya muda utayaona yanachungulia upande wa pili wa bamba ambao hakuna aliyeufikia. Lanolini ina harufu ya zizi siku chache za mwanzo. Mikono yako itanuka hivyo hata baada ya sabuni. Breki na ekzosi huachwa, tope hutolewa kwanza, na magamba yaliyolegea hukwanguliwa kwa burashi ya waya. Pale ambapo kutu ya juujuu haitoki, kuna dawa zenye tanini, ileile inayopatikana kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kusindika ngozi. Tanini hushikana na kutu ikaigeuza kuwa nyeusi na tulivu.

Mafuta haya yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba yanaisha. Maji ya barabarani huyaosha, vumbi huyanyonya, na mwaka ukipita lazima urudie. Wauzaji wa ile dawa nzito huitaja kasoro hii kila mara. Mimi nimekuja kuamini kwamba humo ndimo ilimo thamani yake. Kinga inayoisha kila mwaka humlazimisha mwenye gari kulala chini ya gari lake kila mwaka. Akiwa pale chini ataona kipaipu cha breki kilichoanza kuvimba, boliti iliyokatika, kiota cha panya, tundu la maji lililozibwa na majani. Na kwa kuwa mafuta hayafichi rangi ya chuma, ataona kutu ikiwa bado changa. Dawa inayodai kudumu humwondolea mtu sababu ya kutazama, na humwondolea hata uwezo wa kuona siku akitazama.

Neno juu ya matundu. Tumelelewa kwenye usia wa kuziba ufa kabla haujatudai ukuta, na usia huo ni wa haki kwa nyumba. Chasisi inataka adabu nyingine. Yale matundu ya chini ya mhimili yametobolewa kiwandani makusudi ili maji yatoke na hewa ipite. Nimewaona watu waangalifu wakiyaziba kwa silikoni kusudi chumvi isiingie. Chumvi huingia tu, kwa njia moja ama nyingine, na kuanzia siku hiyo haina pa kutokea. Chuma huvumilia kulowa iwapo kinapata nafasi ya kukauka.

Ukweli huo huo ulidhihirika hadharani huko Pittsburgh. Daraja la Fern Hollow lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa aina ya chuma ambacho hakipakwi rangi. Chuma hicho huachwa kishike kutu ya juu, na kutu hiyo hushikamana na kukikinga, mradi kiwe kinalowa na kukauka. Mifereji ya maji ya daraja hilo iliziba. Maji na takataka zikatuama kwenye miguu yake, chuma hakikupata kukauka, na kutu iliyotarajiwa kuwa ngao ikawa mlaji. Alfajiri ya tarehe 28 Januari 2022 daraja liliporomoka likiwa na basi la abiria juu yake. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa serikali kuu waliandika kwamba wakaguzi walikuwa wameliona tatizo na kupendekeza matengenezo tena na tena kwa miaka, na mapendekezo hayakufanyiwa kazi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kutazama kunatosha. Waliotazama walikuwepo. Aliyekosekana ni wa kushika sepetu na kuondoa majani.

Chumvi yenyewe haiishii kwenye chuma. Theluji ikiyeyuka huingia mitoni na maziwani, na kloridi ikishaingia majini hakuna njia rahisi ya kuitoa. Mji wa Flint, Michigan, ulipoacha maji ya Ziwa Huron mwezi Aprili 2014 na kuanza kutumia ya Mto Flint, maji hayo yalikuwa na kloridi nyingi kuliko ya awali, na chumvi ya barabarani ni mojawapo ya vyanzo vyake. Mwezi Oktoba mwaka huo kiwanda cha injini cha General Motors mjini humo kiliyakataa kwa sababu yalikuwa yakiziozesha sehemu za injini. Wakazi waliendelea kuyanywa. Mabomba ya risasi ya mji huo yalikuwa yamelindwa kwa fosfati iliyotiwa kwenye maji kila siku, ikiacha utando mwembamba ndani ya bomba. Maji ya mto hayakutiwa fosfati. Utando ukayeyuka, risasi ikaingia kwenye vikombe vya watoto. Kinga ile nayo ilikuwa ya namna inayoisha, yenye kudai mkono wa mtu leo na kesho, na ilikuwa ikifanya kazi vizuri sana hadi alipotokea aliyeona inaweza kuachwa.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa wasidhani jambo hili liko mbali nao. Japani, ambako hutoka magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini kwetu, ina theluji nzito kaskazini, Hokkaido na Tohoku. Sheria ya mwaka 1990 ilipiga marufuku matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi yalilolichimbua kwenye lami, na baada ya hapo dawa za kuyeyusha barafu, chumvi ikiwamo, zikatumika kwa wingi zaidi. Karatasi ya mnada kule hutaja kutu ya chini ya gari kama ipo. Karatasi hiyo haimfikii kila mnunuzi. Kinachomfikia wakati mwingine ni chasisi iliyopuliziwa rangi nyeusi siku chache kabla ya safari. Gari la miaka saba ambalo chini yake ni jeusi tititi, boliti na paipu zote rangi moja, bila hata doa la tope, linataka maswali. Chukua nyundo, na muuzaji akikukataza kugonga, jibu umeshalipata.

Hapa Ohio hakuna sheria inayomtaka mtu apeleke gari lake kukaguliwa usalama kila mwaka, wala Michigan haina. Jirani zetu wa Pennsylvania hulazimika. Kwa wengi wetu, basi, hakuna atakayelala chini ya gari isipokuwa sisi wenyewe, na wengi wenye pikapu kuukuu ndio wasio na fedha ya kulinunua lingine. Mtu wa namna hiyo akiniuliza, nitamwambia asinunue ahadi ya maisha. Anunue tochi, burashi ya waya, nyundo ndogo na makopo machache ya lanolini, na majira ya kuchipua aioshe chasisi kwa maji mengi kabla joto halijapanda. Oili chafu ya injini, ambayo wazee wengi waliipaka, aiache. Ina asidi na metali za sumu, na hudondokea kwenye udongo wa watu.

Chasisi itakwisha tu. Lakini anayeigonga kila Oktoba ataujua mwaka wake wa mwisho kabla haujafika, na gari litaondoka barabarani kwa uamuzi wake mwenyewe, likiwa limeegeshwa, halina mtu ndani.